Kibla Chetu na Somo Nililomkataza Binti Yangu



Shukrani zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo, wahariri wa jarida letu waliniomba niandike machache, kama mzazi, juu ya mabadiliko ya elimu yaliyoanza nchini mwaka 2024, hasa namna sayansi, teknolojia na sanaa zinavyofundishwa pamoja. Ndugu msomaji, mimi si mtaalamu wa mitaala. Ni mkulima wa mpunga na kakao hapa Ipyana, na jioni nawasomesha watoto wadogo Juzuu Amma. Kwa hiyo nitaeleza kosa nililolifanya nyumbani kwangu na jinsi lilivyorekebishwa. Huenda mzazi mwenzangu likamfaa, na huenda mwanafunzi akapata la kumsomea baba yake.

Kwanza tuyajue mabadiliko yenyewe, maana wengi wetu tunayasikia redioni na kuyazungumza kijiweni bila kuyaelewa. Serikali iliitazama upya Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 na kutoa toleo la mwaka 2023. Mitaala mipya ikaanza kufundishwa Januari 2024 katika madarasa ya awali, Darasa la Kwanza, Darasa la Tatu, na Kidato cha Kwanza katika shule zilizoanza na mkondo wa amali, yaani mkondo wa ujuzi wa kazi. Elimu ya lazima imekuwa ya miaka 10: sita ya msingi na minne ya sekondari. Katika sekondari mtoto atafuata ama elimu ya jumla ama elimu ya amali. Na huku chini, katika shule ya msingi, mtoto wa Darasa la Tatu anasoma lugha, Hisabati, Sayansi, Jiografia na Mazingira, Historia ya Tanzania na Maadili, na somo moja lililonitia mimi katika mtihani: Sanaa na Michezo.

Sisi tuliosoma miaka ya 1980 tulikulia katika Elimu ya Kujitegemea, ambayo Mwalimu Nyerere aliitangaza mwaka 1967. Tulikwenda shule na majembe. Tulisoma Siasa na Sayansikimu, tukalima shamba la shule, na anayechelewa alichota maji. Wadogo zetu waliotufuata walikuta Stadi za Kazi na Haiba na Michezo. Kila kizazi kimepewa jina lake, lakini swali limebaki lilelile: je, mkono na kichwa vifundishwe pamoja, au kila kimoja peke yake?

Binti yangu aliingia Darasa la Tatu Januari 2024, kwa hiyo alikuwa miongoni mwa watoto wa kwanza kabisa kuupokea mtaala huu. Mimi nilifurahi kusikia Sayansi na Hisabati. Niliposikia Sanaa, moyo ulisita. Kwangu mimi neno hilo lilikuwa na maana mbili tu: ngoma na sanamu. Niliwaza kwamba mwanangu atafundishwa kukata kiuno mchana, kisha jioni aje kwangu kusoma Qur'ani.

Mwezi wa tano, mvua zikiwa zinaelekea ukingoni na udongo wa mfinyanzi ukiwa laini kila mahali, alirudi nyumbani na kazi ya shule. Watoto walitakiwa kufinyanga kitu cha udongo wanachokijua. Nilimkuta uani, mikono imejaa tope hadi kwenye viwiko, ana chungu kidogo ambacho mdomo wake ulikuwa umepinda upande mmoja. Nikamwambia aache. Nikamwambia hatukumpeleka shule akajifunze kutengeneza masanamu, na kwamba kuanzia siku ile kipindi cha Sanaa kikifika aombe ruhusa, atoke nje, akae chini ya mwembe apitie sura zake.

Akanitazama, akauliza: "Baba, chungu nacho ni sanamu?"

Sikumjibu. Nilikichukua kile chungu nikakitupa nyuma ya choo. Yeye hakulia mbele yangu. Mama yake ndiye aliyeniambia usiku kwamba alilia.

Naomba niwe mkweli, maana jarida hili linasomwa na watoto niliowasomesha. Sikumuuliza sheikh yeyote kabla ya kutoa amri ile. Sikwenda shuleni kumuuliza mwalimu kinachofundishwa. Niliogopa tu, na woga wangu nikauvisha kanzu ya dini. Woga wenyewe una historia hapa kwetu. Ipyana, jina ambalo kwa Kinyakyusa maana yake ni neema, ni mahali ambapo Wamoraviani walijenga misheni tangu mwaka 1894. Zama za ukoloni shule nyingi za Tanganyika zilikuwa za misheni, na wazee wengi wa Kiislamu walizikwepa wakihofia imani za watoto wao. Walikuwa na sababu. Lakini jambo la mwaka 1924 si lazima liwe jambo la mwaka 2024, na mimi nilirithi hofu bila kuipima.

Basi Allah (S.W.) akanitihani kwa njia nisiyoitegemea.

Msikiti wetu ni mdogo, na Ijumaa watu wengine huswali nje juani. Mwaka ule tulikuwa tumechangishana, tukapata matofali na nondo za kuongeza sehemu ya nyuma na ubavuni. Fundi akaja kupima msingi. Kijana mmoja akatoa simu yake yenye programu ya kibla, akasema msikiti umepinda, haukuelekea Makka. Mwingine akaiweka simu yake juu ya mzigo wa nondo, nayo ikaonyesha upande tofauti kabisa na ile ya kwanza. Mzee wetu mmoja aliyeswali pale tangu ujana wake akakasirika. Akasema: "Wazee wetu wamezikwa wakielekea huku. Leo mnataka kuwageuza kwa simu?"

Ndugu zangu, sisi Waislamu wa Ipyana si wengi. Maneno yale yalitugawa haraka. Ijumaa iliyofuata watu walikuwa wakali baada ya swala, na Ijumaa ya pili baadhi hawakuja. Matofali yakabaki yamepangwa uani, majani yakaanza kuota kati yake. Msikiti ambao ulitaka kupanuliwa ulikuwa unapungua watu.

Ustadh wetu mkuu akatuliza mambo kwa elimu. Alituambia kwamba alisoma kwa walimu wake kuwa mara mbili kila mwaka jua husimama juu ya Al-Kaaba sawasawa: tarehe 27 au 28 Mei, na tarehe 15 au 16 Julai. Dakika ile, mahali popote duniani jua linapoonekana, anayelielekea jua ameelekea kibla. Mei ilikuwa imekwisha. Julai ilikuwa inakuja. "Lakini," akasema, "mimi najua siku, sijui namna nzuri ya kupima. Kule shuleni wanapima vivuli. Nendeni mkamwombe mwalimu atusaidie." Kisha akanigeukia: "Wewe binti yako yuko darasani kwake. Nenda wewe."

Mwalimu huyo alikuwa ndiye anayemfundisha binti yangu Sayansi. Ndiye pia aliyekuwa anamfundisha Sanaa na Michezo.

Nilikwenda jioni, nikamkuta akianua kakao aliyokuwa ameianika kwenye mkeka. Nilisalimia kwa mbali kidogo. Nikaeleza shida ya msikiti, nikazungukazunguka, mpaka nikaishiwa maneno. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema: "Nitakuja, Baba. Jumapili, nikitoka kanisani." Hakulitaja somo nililomkatazia mtoto. Ingekuwa nafuu kwangu kama angelitaja.

Jumapili tarehe 14 Julai 2024, ndani ya mwezi wa Muharram, alikuja kweli, bado amevaa nguo zake za ibada, kitambaa kichwani. Ilikuwa siku moja kabla ya siku yenyewe, lakini alisema tofauti ya siku moja ni ndogo mno kuonekana kwa kijiti. Fundi alileta timazi na kamba. Tukafagia uwanja, tukasawazisha ardhi kwa pima maji, tukasimika mti mnyoofu uliotoka juu ya ardhi mita moja kamili.

Mwalimu akauliza: "Nani atanishikia timazi?"

Binti yangu akatoka mbio. Alikuwa amejifunza kupima vivuli katika Sayansi, kwa kuwa somo hilo sikulikataza. Alishika uzi wa timazi karibu na mti, akautazama upande huu na upande ule, akasema mti umeinama kidogo kuelekea kwenye mgomba. Fundi akaurekebisha. Wazee walikuwa wamekaa kwenye benchi, kimya.

Saa 6 na dakika 27 mchana ndiyo ilikuwa dakika yetu. Saa za Tanzania na za Makka ni sawa, hivyo hapakuwa na hesabu ya ziada. Dakika ilipofika, ustadh akasema "Bismillahi", na mwalimu akachomeka kigingi penye ncha ya kivuli. Kisha fundi akavuta kamba kutoka kwenye ncha ile ya kivuli, ikapita kwenye shina la mti, ikaendelea mbele kuelekea lilikokuwa jua. Huko ndiko kibla.

Kamba haikulala sambamba na ukuta wa msikiti wetu. Ilikwenda kulia, kuelekea mashariki ya kaskazini, kwa kiasi cha digrii 10 na nusu hivi.

Yule mzee akasimama, akaitembelea kamba mwanzo hadi mwisho. Akasema anataka kuona tena. Jumatatu tukarudia, siku yenyewe, na kamba ikalala palepale. Mwalimu alikuwa ametueleza sababu, akichora mviringo mchangani. Makka iko kaskazini yetu, lakini pia iko mashariki yetu kidogo. Mtu akiwa Dar es Salaam, akaelekea kaskazini kabisa, anakosea kwa digrii moja tu hivi, kwa sababu Dar es Salaam na Makka zinakaribiana katika longitudo. Sisi wa Kyela tuko magharibi zaidi, kwa hiyo hatuwezi kutumia kaskazini ya watu wa pwani. Anayekwenda kaskazini moja kwa moja kutoka Kyela, akifika usawa wa Makka, atajikuta katika jangwa la Sudan, zaidi ya kilomita 600 kutoka Al-Kaaba.

Hapo mzee akacheka kwa mara ya kwanza. Akasema: "Aliyeuweka mstari wetu wa kwanza alikuja kutoka pwani. Alituletea kibla cha kwao." Ustadh akatutuliza kwamba waliotangulia walijitahidi kwa walichokijua, na Allah hampotezei mja jitihada yake, ila ukishajua huna udhuru. Mzee akageuka kwa fundi, akasema: "Basi chimbeni."

Kuhusu simu, mwalimu alisema hazikuwa na hila. Dira iliyo ndani yake hufuata sumaku, na chuma kikiwa karibu huivuta. Nondo ndizo zilizoidanganya simu ya yule kijana, nayo ikatudanganya sisi. Kivuli hakivutwi na nondo.

Ndugu msomaji, ningeweza kuishia hapo nikasema tumefaidika na sayansi. Lakini jambo lililonigusa lilitokea Jumapili ile, kabla adhuhuri haijaingia. Na hapo pia kuna elimu: kwetu adhuhuri huingia kama dakika 21 baada ya Dar es Salaam, kwa sababu ileile ya kuwa magharibi, kwa hiyo anayefuata kalenda ya swala ya Dar es Salaam akiwa Kyela huswali adhuhuri kabla ya wakati wake.

Tukiwa tunasubiri, mwalimu aliwaambia vijana wa madrasa wapime urefu wa kivuli. Wakapata sentimita 61 na kidogo. Akawaambia wachore pembetatu kwenye karatasi: mti sentimita 10, kivuli sentimita 6 na kidogo, kisha wapime kwa kipimapembe ile pembe iliyoko juu, kwenye ncha ya mti. Mmoja akapata digrii 31, mwingine 32. Akawaambia wazidishe kwa 111, kwa sababu kila digrii moja juu ya mviringo wa dunia ni kama kilomita 111. Mmoja akapata 3,441, mwenzake 3,552. "Basi," akasema, "Makka iko kama kilomita 3,500 kutoka hapa mlipokaa." Watoto wakapiga takbira. Wamepima umbali wa Makka kwa mti, karatasi na penseli, wala hawajatoka Ipyana.

Kisha akamgeukia binti yangu, ambaye alikuwa mdogo kuliko wote pale, akampa karatasi na penseli. "Wewe hutafanya hesabu. Nichoree mti, kivuli na jua, tuweke kwenye daftari la msikiti, ili watakaokuja baadaye wajue tulivyofanya."

Mtoto akaishika penseli. Akaitazama karatasi kwa muda. Halafu akairudisha. Akasema kwa sauti ndogo: "Mwalimu, siku mliyofundisha kuchora mimi sikuwepo."

Mwalimu hakunitazama. Ustadh ndiye aliyenitazama, maana alijua. Mimi niliangalia matofali.

Nimeswali swala nyingi katika maisha yangu, lakini adhuhuri ya siku ile niliiswali nikiwa na jambo la kujibu. Niliona vitu vilivyotuweka safu moja tena. Ustadh alijua siku na hukumu. Mwalimu alijua jua na dunia. Fundi alijua timazi, kamba, na jinsi ya kupata kona ya mraba kwa futi tatu, nne na tano. Mchoro ndio uliobeba yote haya kutoka kichwani mwa mmoja kwenda kwa mwingine. Bila mchoro mchangani yule mzee asingeelewa. Bila pembetatu kwenye karatasi wale vijana wasingeijua Makka iko umbali gani. Na mimi ndiye niliyemnyima mwanangu mchoro, nikidhani namlindia dini yake.

Baadaye ustadh alinikalisha, akanikumbusha mambo ambayo nilikuwa nayajua nusunusu. Akasema katika Msikiti wa Umayya wa Damascus palikuwa na kazi ya muwaqqit, mtu wa kuhesabu nyakati za swala kwa elimu ya nyota. Mmoja wao, Ibn al-Shatir, katika karne ya 14 alitengeneza saa ya jua kwa ajili ya msikiti ule. Huyo alikuwa mwanahesabu, na alikuwa fundi wa kuchonga, na kazi yake ilikuwa ya kupendeza macho. Al-Biruni alishughulika kwa hesabu na swali hilihili la kujua upande wa kibla kutoka mji wa mbali. Elimu ya aljebra imechukua jina lake katika kitabu cha Al-Khwarizmi wa Baghdad. Na karibu na sisi, kule Kizimkazi Unguja, mihrabu ya msikiti ina maandishi ya Kikufi yaliyochongwa, yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia. "Aliyechonga herufi zile," ustadh akaniuliza, "alikuwa msomi au msanii?" Nikasema vyote viwili. Akasema: "Basi usimgawe mwanao."

Akaniambia pia kwamba sisi si wa kwanza kuunganisha elimu hizi. Huko Mombasa, katika miaka ya 1980, ilianzishwa programu ya shule za awali za madrasa, ambako watoto walisoma dini yao pamoja na kuhesabu, kuchora na kucheza kwa vifaa vya mahali pale, na kutoka huko ikaenea Zanzibar na Uganda.

Nilipomuuliza juu ya sanamu, hakuniambia kuwa hofu yangu ni ya bure. Kutengeneza sura za viumbe wenye roho ni jambo ambalo maulamaa wamelizungumzia, na mzazi ana haki ya kulichunga. Lakini njia ya kulichunga ni kuzungumza na mwalimu. Kumficha mtoto chini ya mwembe si njia. Chungu hakina roho. Mti hauna roho. Maua, mistari, herufi, nyumba, jahazi, ramani, vyote hivyo vipo. Nilipokwenda kwa mwalimu mara ya pili, nikiwa nimejiandaa kubishana, alinijibu kwa urahisi hata nikaona aibu. Alisema kazi ilikuwa kufinyanga kitu mtoto anachokijua. Anayetaka chungu afinyange chungu, na katika nyimbo na michezo tukae tuelewane yapi yanafaa. "Ungeniambia mwezi wa tano, Baba," akasema. Nikamwambia: "Nisamehe." Akasema: "Ndaga fijo kwa kuja."

Usiku ule nilimwita binti yangu. Nilimwambia chungu si sanamu, na kwamba baba yake alikosea. Wanafunzi wapenzi, mtu mzima akikwambia hivyo usimcheke, maana ni mzigo mzito kuutua.

Baada ya mavuno nilimpeleka Matema. Jumamosi pale Lyulilo huwa na soko, na wanawake wa Kikisi huleta vyungu vyao kwa mitumbwi kutoka Ikombe, chini ya milima ya Livingstone. Binti yangu alichuchumaa mbele ya mama mmoja, akamuuliza maswali mpaka nikaona haya. Alimuuliza kwa nini vyungu vingine hupasuka motoni. Yule mama akasema chungu kisipokauka vizuri kivulini kabla ya kuchomwa, maji yaliyobaki ndani ya udongo yatatafuta njia ya kutoka. Njiani kurudi, mtoto akanieleza mwenyewe kwamba maji yale hugeuka mvuke, na mvuke unahitaji nafasi kubwa kuliko maji. Alikuwa amefundishwa katika Sayansi. Ndani ya chungu kimoja alikuwa ameiona sayansi yake, kazi ya mikono na uzuri. Hakuna aliyemwambia aviunganishe. Vilikuwa vimeungana tangu hapo.

Ukitaka mfano mkubwa kuliko chungu, tazama ziwa letu. Meli ya MV Mbeya II, iliyoanza kazi mwaka 2021, ilijengwa hapahapa Kyela, katika bandari ya Itungi, na kampuni ya Kitanzania. Kabla ya chuma kuchomelewa palikuwa na hesabu, na pamoja na hesabu palikuwa na mchoro. Mtoto wa Ipyana anayekatazwa kuchora leo, kesho atakuwa abiria tu wa meli ile.

Wazazi wangu, naomba nimalizie kwa nasaha chache.

Kwanza, tujue muda tulio nao. Watoto waliokuwa Darasa la Tatu mwaka 2024 watamaliza la Sita mwaka 2027, na waliokuwa la Nne mwaka 2024 watamaliza la Saba mwaka huohuo. Makundi mawili yatahitaji nafasi za Kidato cha Kwanza Januari 2028 kwa pamoja. Mtoto aliyekosa masomo kwa sababu ya hofu ya baba yake atasimama katika msongamano huo akiwa na pengo.

Pili, mkondo wa amali usidharauliwe wala usigeuzwe jalala la wanaoshindwa. Fundi aliyetupimia msingi ameusimamisha msikiti wetu. Mtoto mwenye akili ana haki ya kuwa fundi, kama alivyo na haki ya kuwa daktari.

Tatu, kabla hujamtoa mtoto katika somo, nenda shuleni, uliza. Ukiona jambo linalogusa dini, litaje kwa adabu. Mimi nilipoteza miezi miwili ya mwanangu kwa kuona uvivu wa kutembea nusu saa.

Nne, walimu wa madrasa tufungue milango. Neno la kwanza kuteremshiwa Mtume wetu (S.A.W.) lilikuwa ni amri ya kusoma. Tunaweza kufundisha nyakati za swala kwa kivuli, mirathi kwa sehemu za hesabu, na hati nzuri kwa kalamu na wino, wala hatutatoka nje ya dini hata hatua moja.

Msikiti wetu sasa umepanuliwa. Sehemu mpya imeelekea kibla sawasawa, na katika sehemu ya zamani tumepiga mistari ya safu kwa mshazari, hivyo mgeni akiingia huuliza kwa nini jamvi limelala upande. Tunamwonyesha daftari. Ukurasa wa mwanzo una tarehe, una urefu wa kivuli, na una mchoro wa mti, jua na kamba. Mchoro huo ulichelewa. Uliwekwa miezi kadhaa baadaye, na mti wake umeinama kidogo, kama kuelekea kwenye mgomba. Aliyeuchora aliniomba nisimwambie fundi.

Mwenyezi Mungu atuongoze sisi na watoto wetu, awape elimu yenye manufaa, na atusamehe tuliyowakosesha kwa kutojua. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mzazi na mwalimu wa Juzuu Amma, Ipyana, Kyela.